Biskuti zisizo na ngano: viungo vipo Afrika Mashariki, kazi kubwa ni usafi

Mtu aliyeambiwa na daktari kwamba mwili wake haupatani na ngano huanza kuhesabu vitu atakavyoviacha: mkate, chapati, maandazi, sambusa, keki ya sikukuu na biskuti za dukani. Akiwa ni mtoto hesabu hiyo huwa nzito zaidi, kwani biskuti ndizo zinazofunguliwa shuleni wakati wa mapumziko na ndizo zinazowekwa mezani wageni wanapobisha hodi. Pakiti zilizoandikwa kuwa hazina ngano hupatikana katika baadhi ya maduka makubwa ya mijini, lakini nyingi hutoka mbali na bei yake si ya kununua kila siku.

Biskuti ya namna hiyo inaweza kuokwa nyumbani kwa ulezi, mchele, ndizi, korosho na tende. Haihitaji mayai, maziwa wala siagi, hivyo inawafaa pia wenye mzio wa vitu hivyo, wanaofunga Kwaresima kwa kuacha vyakula vitokanavyo na wanyama, na wale walioviacha moja kwa moja. Upishi wenyewe ni mwepesi. Kinachotaka uangalifu ni safari ya unga na karanga kabla havijafika jikoni.

Tatizo la ngano

Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni. Unga wa ngano ukitiwa maji na kukandwa, gluteni hufanya utando unaovutika. Utando huo ndio unaoshika hewa ndani ya mkate na kuifanya chapati ikunjike bila kukatika.

Kwa watu wengi protini hiyo haina madhara. Kwa mwenye ugonjwa wa seliaki, kinga ya mwili wake ikikutana na gluteni hushambulia utando wa utumbo mwembamba. Utumbo ukiharibika hushindwa kufyonza chakula. Mtoto anaweza kuharisha mara kwa mara, kuvimba tumbo, kupungukiwa damu na kudumaa ilhali anakula vizuri. Dalili hizo hufanana na za minyoo au utapiamlo, hivyo ni rahisi ugonjwa kupita bila kutambuliwa. Hauna dawa ya kuuondoa. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote.

Aliyeonyesha uhusiano huo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa ameanza kuishuku ngano katika miaka ya 1930. Katika njaa iliyoikumba nchi yake majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 mkate uliadimika, na watoto wenye ugonjwa huo wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ulirudi. Mwaka 1950 alichapisha tasnifu yake juu ya jambo hilo.

Si mapishi ya kigeni

Jina la "chakula kisicho na gluteni" linaweza kusikika kama jambo la ughaibuni, lakini ukanda huu una vitafunio vya aina hiyo tangu zamani. Zanzibar na pwani kuna vileja, biskuti za unga wa mchele, samli na iliki. Kashata za karanga au nazi mara nyingi hazitiwi unga. Uganda kuna kabalagala, inayotengenezwa kwa ndizi mbivu zilizopondwa na kuchanganywa na unga wa muhogo, kisha ikakaangwa.

Kabalagala inafundisha jambo moja la msingi: ndizi iliyoiva sana hushikanisha unga badala ya yai, na utamu wake hupunguza haja ya sukari. Vileja navyo vinaonyesha kwamba biskuti haihitaji gluteni kama mkate unavyoihitaji. Mkate lazima uumuke. Biskuti hutakiwa kuwa laini na kuvunjika mdomoni, kwa hiyo ndiyo mahali pepesi pa kuanzia kwa anayejifunza kuoka bila ngano.

Nafaka inayofaa zaidi ni ulezi, ambao Wakenya huuita wimbi, Waganda bulo na Wanyarwanda uburo. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, una madini mengi ya chokaa, na unga wake ukiokwa hutoa rangi ya kahawia bila kutiwa kakao. Korosho hutoka zaidi Mtwara, Lindi na Ruvuma kusini mwa Tanzania. Kenya hutoa makadamia katika nyanda za Mlima Kenya, na karanga hulimwa karibu kila nchi ya jumuiya. Uganda, wakulima wa mananasi na ndizi wamekuwa wakiyakausha matunda yao kwa vikaushio vya jua na kuyauza hadi Ulaya. Tende nyingi bado hutoka Uarabuni, ingawa mitende inastawi pia Turkana, kaskazini mwa Kenya.

Namna ya kuoka

Kwa biskuti 18 hadi 20 huhitajika kikombe 1 cha unga wa ulezi, nusu kikombe cha unga wa mchele, ndizi 2 za kadiri zilizoiva hadi ganda likawa na madoa meusi, tende 10 zilizotolewa kokwa, kikombe 1 cha korosho au karanga, vijiko 4 vya mezani vya mafuta ya nazi au alizeti, nusu kijiko cha chai cha iliki na chumvi kidogo. Mwenye mananasi makavu anaweza kuyakatakata na kuyatumia badala ya nusu ya tende.

Korosho hukaangwa kidogo bila mafuta, zikapoa, kisha zikatwangwa ziwe chengachenga. Tende hukatwa vipande vidogo. Zikiwa ngumu hulowekwa kwenye maji ya moto dakika 10 na kuchujwa. Ndizi hupondwa hadi zilainike, zikachanganywa na mafuta, iliki na chumvi. Unga hufuata, na mwisho tende na korosho.

Mchanganyiko huachwa upumzike dakika 20. Hatua hii wengi huiruka, nao huishia na biskuti zenye changa mdomoni. Unga wa mchele na wa ulezi hunywa maji polepole kuliko wa ngano, na unahitaji muda huo ulainike. Ukibaki mkavu huongezwa kijiko kimoja cha maji. Ukiwa wa majimaji huongezwa unga wa ulezi.

Madonge huchotwa kwa kijiko na kubanwa kwa uma yawe bapa, unene wa kidole, kwa sababu hayatasambaa yenyewe motoni. Katika oveni ya nyuzi 180 za Selsiasi huiva kwa dakika 15 hadi 18. Asiye na oveni hutumia moto wa kupalia: sufuria nzito yenye mchanga mkavu chini huwekwa kwenye jiko la mkaa, sinia la biskuti likawekwa juu ya mchanga, na makaa machache yakapangwa juu ya mfuniko. Moto wa chini uwe mdogo kuliko wa juu, na biskuti zitazamwe baada ya dakika 15.

Zikitoka hazishikwi hadi zipoe, kwani zikiwa za moto huvunjika. Kwa kuwa zina ndizi, hazikai muda mrefu kama za dukani. Zikiwekwa kwenye kopo lenye mfuniko, zinafaa kuliwa ndani ya siku 3.

Mashine ya kusaga na ukungu

Ulezi hauna gluteni, lakini unga wa ulezi unaweza kuwa nayo. Mashine iliyotoka kusaga ngano hubakiza unga ndani yake, na mteja anayefuata huondoka nao. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kilo, kiasi kisichoonekana kwa macho. Kwa mgonjwa wa seliaki njia salama ni kununua nafaka nzima, kuichambua, kuiosha, kuianika na kuisaga kwa mashine isiyogusa ngano. Unga wa lishe uliochanganywa tayari usomwe maandishi yake kwanza, maana baadhi huwa na ngano. Ubao, chekeche na sinia za nyumbani nazo zitengwe.

Hatari ya pili ni sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kukaanga au kuoka hakuimalizi. Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye ladha chungu hutupwa, ingawa hata zinazoonekana safi zinaweza kuwa nayo. Ndiyo maana ni bora kununua kwa muuzaji anayejua zilikokaushwa na kuhifadhiwa.

Sumukuvu si habari ya jikoni pekee. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku kadhaa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, na malori yakakwama mipakani. Mfanyabiashara mdogo anayevusha mazao ya jumuiya yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa na kuepuka ushuru wa forodha. Cheti hicho, hata hivyo, hakimwondolei wajibu wa kutimiza viwango vya usalama wa chakula.

Kwa anayetaka kuzioka biskuti hizi aziuze, maandishi kwenye pakiti yana uzito kuliko mapambo yake. Kutaja korosho na karanga ni lazima, kwani wapo ambao mzio wa vyakula hivyo huweza kuwaua. Maneno "haina gluteni" yaandikwe tu na mwenye unga uliopimwa. Asiye na uhakika huo aandike viungo alivyotumia na kusema kama jikoni mwake ngano hutumika pia. Mzazi wa mtoto mwenye seliaki atasoma mstari huo kabla ya kuuliza bei.