Kitunza Maneno ya Siri Kilichozeeka

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya malaria, chanjo na maji safi. Safari hii tutazungumza juu ya neno la siri la kompyuta. Msishangae. Siku hizi barua ya rufaa, majibu ya vipimo na tarehe ya kuonana na daktari vinaweza kuja kwa baruapepe. Anayeweza kufungua baruapepe yako anaweza kujua unaumwa nini, na wewe ukishindwa kuifungua, siku ya matibabu inaweza kupita bila wewe kujua.

Wengi wetu tukitoka kambini kwenda Kampala tunashuka Kisenyi, kwenye kituo cha mabasi. Kisenyi tunaijua: mashine za kusaga unga, hoteli za Wasomali, maduka ya kutuma pesa. Mwenye simu ndogo ya tochi anaingia kwenye kafe ya intaneti kusoma barua zake. Hapo ndipo shida niliyokusudia kuieleza inapoanza.

Kwanza tuelewane maneno. Kivinjari ni ile programu unayofungulia intaneti, kama Chrome au Firefox. Ndani yake mtu anaweza kuongeza programu ndogo, inaitwa kiendelezi. Kuna viendelezi vya kutunza maneno ya siri. Unakumbuka neno moja tu, neno kuu, na chenyewe kinakujazia mengine yote. Ni kitu kizuri, nasema kwa dhati, hasa kwa mtu mwenye akaunti nyingi. Lakini kinahitaji kusasishwa, yaani kuletewa toleo jipya kila mtengenezaji anapolitoa. Kisiposasishwa kinazeeka, na kikizeeka kinaleta hatari za aina mbili.

Hatari ya kwanza ni kufungiwa nje. Mama mmoja ninayemtembelea ana mtoto anayetibiwa moyo. Kijana wa kafe moja alimfungulia baruapepe zamani, akaweka neno la siri kwenye kiendelezi cha kompyuta ile ili mama asihangaike kuandika. Kwa muda mrefu ilifanya kazi. Siku moja mama akafika, kiendelezi kimezimwa, kisanduku cha neno la siri kiko kitupu. Yule kijana alikuwa ameshahama, na neno kuu alilijua yeye peke yake. Laini ya simu ambayo ingepokea namba ya kufungulia akaunti ilikuwa imefungwa kwa kukaa bila kutumika. Barua yenye tarehe ya mtoto ilikuwa humo ndani. Tulikwenda hospitali na daftari la matibabu, tukaomba tarehe iandikwe upya. Mtoto alihudumiwa, ila wiki tatu zilipotea.

Kwa nini kiendelezi kizimike chenyewe? Kwa sababu vivinjari hubadilika. Novemba 2017 Firefox ilitoa toleo la 57, na viendelezi vilivyojengwa kwa mtindo wa zamani vikaacha kufanya kazi. Kati ya mwaka 2024 na 2025 Google nao walizima katika Chrome viendelezi vilivyokuwa havijahamia kwenye kanuni zao mpya. Tena kompyuta nyingi za kafe ni kuukuu. Toleo la mwisho la Chrome linalokubali Windows 7 ni la 109, la Januari 2023. Mashine kama hiyo hata mwenye kafe akitaka, Chrome yake haiwezi kupanda zaidi ya hapo.

Hatari ya pili ni wizi. Mwaka 2019 iligunduliwa kasoro katika kiendelezi cha LastPass: tovuti ya matapeli iliweza kumhadaa mtu abonyeze hapa na pale, kisha ikapata neno la siri alilolitumia mwisho. Kampuni ilirekebisha katika toleo la 4.33.0. Aliyepata toleo hilo alipona. Aliyebaki na la zamani alibaki na tundu lile lile. Agosti 2025 mtafiti Marek Tóth alionyesha hila inayofanana na hiyo kwa vitunza maneno ya siri 11 vinavyojulikana, na baadhi ya watengenezaji wakatoa marekebisho. Marekebisho hayo hayawafikii wasiosasisha.

Jambo jingine la LastPass linatufundisha kuhusu akaunti za siku nyingi. Mwaka 2022 wezi waliiba nakala za hazina za wateja. Maneno ya siri yalikuwa yamefichwa kwa hesabu ngumu inayorudiwa mara nyingi ili mwizi achoke kubahatisha. Kwa akaunti mpya hesabu hiyo ilirudiwa mara 100,100, lakini baadhi ya akaunti za zamani zilikuwa zimeachwa kwenye 5,000 au chini yake. Mwenye akaunti hakuona tofauti yoyote kwenye kioo.

Sasa tufanyeje? Ikiwa kiendelezi kiko kwenye kompyuta yako au ya kikundi chenu, andika chrome://extensions pale juu panapoandikwa anwani, au about:addons kama ni Firefox. Utaona orodha ya viendelezi vyote. Mtashangaa wingi wake! Tangu kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ilipoanza Julai 2018, watu waliongeza VPN za kila namna kuikwepa. Kodi ile iliondolewa mwaka 2021 lakini VPN nyingi zimebaki, na nyingine hazijulikani mwenyewe ni nani. Ondoa usizozitumia.

Kitunza maneno ya siri usikifute kwa haraka. Kwanza hakikisha neno kuu unalijua, na kwamba unaweza kuingia kupitia tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Kisha sasisha kivinjari na kiendelezi. Kama kimeachwa na mtengenezaji, toa maneno yako na kuyahamishia kwingine. Faili linalotoka mara nyingi halijafichwa, kila anayelifungua anasoma, kwa hiyo lifute ukimaliza, hata kwenye kapu la taka la kompyuta. Baada ya hapo badilisha neno la siri la baruapepe kabla ya mengine, kwa kuwa kupitia baruapepe akaunti nyingine zote hufunguliwa.

Kwenye kompyuta ya kafe ushauri wangu ni mfupi: usihifadhi kitu. Kivinjari kikiuliza kama kikumbuke neno lako, kataa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti, usifunge dirisha tu.

Na asiye na kompyuta? Daftari. Najua tulifundishwa kwamba neno la siri haliandikwi, lakini Bruce Schneier, mtaalamu wa usalama wa Marekani, alishauri tangu mwaka 2005 watu waandike kwenye karatasi na kuitunza kama pesa. Kwa wazee wetu naona ndiyo njia bora. Liwekwe mbali na simu, wala si kwenye mfuko mmoja na kadi ya mkimbizi. Namba ya siri ya pesa za simu isiandikwe humo.

Angalieni pia kwamba laini iliyoandikishwa kwenye baruapepe yenu bado iko hai. Kama imefungwa, ingizeni nyingine mapema mkiwa bado mnaweza kuingia. Sisi wahudumu wa afya tunaweza kukaa nawe ukifanya hivyo, ila neno la siri utaliandika wewe, sisi tukiangalia pembeni. Barua ya hospitali ikifika, ichapishe na kuibandika ndani ya daftari la matibabu.