Mashine Iliyofufuliwa kwa Moto

Mwezi uliopita dada yetu aliyeolewa Kyuso, kule kaskazini ya Kitui, alitupigia simu baada ya Isha akatuuliza suala ambalo hatujawahi kuulizwa darsani. Mwanawe ana chumba kidogo cha mabati sokoni, ambamo vijana hulipa shilingi 10 kwa kila mechi ya kandanda ya PlayStation. Mashine zake ni mbili, na ndizo zinazolipa karo ya wadogo zake. Mojawapo, PlayStation 3 ya lile umbo la awali lililo nene, ilizimika katikati ya mchezo: taa ya manjano ikamulika mara moja, kisha nyekundu ikabaki kupepesa. Fundi mmoja akaifungua, akaipuliza kwa hewa ya moto, ikawaka. Sasa kuna kijana wa Tseikuru anayetaka kuinunua.

"Kaka, inacheza vizuri kabisa," akasema dada. "Je, ni lazima mnunuzi aambiwe kuwa iliwahi kufa?"

Tulimwomba atupe siku mbili. Hatukuona vyema kutoa jibu juu ya kitu ambacho hatujui ndani yake mna nini, kwa hiyo asubuhi tukashuka mjini Mombasa kwa fundi wa simu na kompyuta tunayemwamini, tukaketi kwenye kigoda chake hadi adhuhuri.

Mashine ya gemu ni kompyuta iliyobanwa katika sanduku dogo. Chipu zake kubwa hutoa joto jingi, na joto hilo hupokewa na chuma chenye mapezi, kisha feni hulisukuma nje. Kati ya chipu na chuma hupakwa pesti laini ya kupitishia joto. Vumbi likiziba mapezi, na pesti ikikauka kwa miaka, feni huanza kunguruma kama mashine ya kusaga, kisha mashine hujizima. Sony, watengenezaji wa PlayStation, wanaelekeza itumiwe mahali penye joto la nyuzi 5 hadi 35. Tukakumbuka kile chumba cha mabati, alasiri ya Februari kabla ya mvua, mlango wazi na vumbi la barabara ya Mwingi likiingia bila kubisha hodi.

Walakini vumbi huondoshwa. Lililotushughulisha ni lile lisiloondoshwa. Chipu huungana na ubao wake kwa vitone vidogo vya lehemu, na ndani ya chipu yenyewe mna viunganisho vidogo zaidi. Kila mashine inapowashwa vitu hivi hutanuka, na ikizimwa hunywea, siku baada ya siku, mpaka kiunganisho kimoja kinapata ufa. Wakati mwingine kinachochoka ni kapasita zinazotuliza umeme. Kwa nje mtu haoni lolote.

Na msiba huu haukuanzia Kyuso. Xbox 360 ya kampuni ya Microsoft iliingia sokoni Novemba 2005, na punde wanunuzi wakawa wanaona taa tatu nyekundu na mashine iliyokufa. Mnamo Julai 2007 kampuni hiyo ilirefusha dhamana ya hitilafu hiyo hadi miaka mitatu, na ikatenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya gharama zake. Miaka mingi baadaye, katika filamu ya mwaka 2021 juu ya historia ya mashine hiyo, wahandisi wake walieleza kuwa viunganisho vilikuwa vikivunjika kwa kule kupata moto na kupoa. Watu majumbani walijitafutia tiba: waliifunga mashine kwa taulo wakaiacha iwake mpaka ikapata moto kupindukia, nayo ikafufuka kwa muda. Lehemu isiyo na risasi haiyeyuki mpaka ipate nyuzi 217 hivi, na taulo halifikishi huko. Kilichofanyika ni ufa kukutana tena kwa kutanuka, basi.

"Sheikh wangu, hata hewa ya moto ya fundi aghalabu ni hivyo hivyo," akatuambia mwenyeji wetu, bisibisi mkononi. "Mteja akinililia naipuliza, lakini namwambia mapema: yaweza kuishi miezi, yaweza kuishi wiki. Anayesema imepona, muulize atakupa dhamana ya muda gani."

Jibu likawa jepesi kuliko tulivyodhani. Hiyo ni aibu iliyofichika katika bidhaa, na muuzaji anayeijua anawajibika kuitaja. Akiificha, mnunuzi ana haki ya kurudisha. Dada yetu akauliza la pili: na yule fundi, je, arudishe pesa? Hapa tulikwenda polepole. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafii, fundi ni mwenye amana, halipi kilichoharibika mkononi mwake ila kwa uzembe au kuvuka mpaka. Ujira wa kazi aliyoifanya ni wake. Lakini kama alisema "imepona" ilhali anajua haikupona, huo ni udanganyifu, na kijana ana haki ya kumrudia na kudai.

Tulimwagiza mpwa wetu pia kuhusu mashine ya pili, ambayo ni PlayStation 4 na bado ni nzima. Aiinue juu ya ubao, mbali na ukuta. Kila baada ya miezi michache aichomoe, aifungue, apulize vumbi huku ameizuia feni kwa kidole isizunguke, na pesti ibadilishwe na mtu anayejua. Umeme upitie kwenye stebilaiza. Nasi tuongeze kwa mama zetu wa Pwani, kwa mapenzi tu: kile kitambaa cha kufuma juu ya mashine ya watoto kinapendeza, lakini kinaziba pumzi yake. Na wenye PlayStation 5 wasimruhusu fundi wa kujaribu-jaribu kuitoa chipu, kwa kuwa badala ya pesti imewekwa madini ya maji yanayopitisha umeme, na tone likidondoka ubaoni huweza kuuunguza.

Ijumaa iliyofuata mpwa wetu alitupigia mwenyewe. "Mjomba, nimemwambia yote." Kijana wa Tseikuru alinyamaza, akaondoka, akarudi siku ya soko. Ana mashine kama ile ambayo feni na kisomeo chake cha diski vimekufa, ilhali ubao wake ni mzima. Akainunua kwa bei ya vipuri, chini ya nusu ya ile ya kwanza, wakakaa pamoja chini ya mwembe wakahamisha feni. Karo ya muhula huu imepungua kwa kiasi hicho, na dada yetu hakutuficha kwamba imemuuma.