Sili Mpya Juu ya Kutu

Jumapili ya leo naomba nikupeleke kwa fundi pikipiki, maana huko ndiko nilikolielewa somo ambalo kanisani nililisikia miaka mingi bila kunigusa.

Pikipiki yangu ni ya zamani, na milima ya Lushoto tumeizunguka pamoja tangu nikiwa bado nafundisha. Mwaka jana shokapu moja ya mbele, ile ya upande wenye diski ya breki, ilianza kuvuja. Kila asubuhi nilikuta oili imechuruzika kutoka juu hadi karibu na gurudumu. Nilimwendea fundi mmoja, akabadilisha sili, yaani ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke. Baada ya wiki tatu ikavuja tena. Safari hii nikaona ni usumbufu. Nikaweka kitambaa chini ya kiti, nikawa nafuta kabla ya kwenda ibadani. Nani angejua?

Siku moja nilikuwa nashuka kuelekea Soni, nimempakia mjukuu wangu. Kwenye kona nikakamata breki ya mbele, haikushika. Oili ilikuwa imefika kwenye diski na kulowanisha pedi. Breki ya nyuma ndiyo iliyotusimamisha, tukiwa tumeshatoka nje ya lami. Mtoto akaniuliza, "Babu, mbona hukusimama?" Sikuwa na jibu.

Kesho yake nikaenda kwa fundi mwingine, kijana mdogo tu. Alinyanyua pikipiki, akatoa gurudumu, akachomoa shokapu na kumwaga oili. Ilitoka nyeusi. Kisha akanishika mkono, akapitisha kidole changu juu ya bomba linalong'aa. Nikahisi vijipele vya kutu.

"Mwalimu," akasema, "sili yako haina kosa. Kila ukipita kwenye shimo, bomba hili linapanda na kushuka, na hii kutu inaukwangua mpira. Nikikuwekea mpya bila kuigusa kutu, mwezi ujao utarudi."

Akaeleza kwamba wakati mwingine sili huvuja kwa sababu ya mchanga tu ulionasa kwenye mdomo wake, ukiusafisha, imekwisha. Lakini kutu lazima isuguliwe kwa msasa laini, na kama imekula sana, bomba hubadilishwa. Yangu haikuwa imekula sana. Alisugua kwa subira, akafuta, akapima tena kwa kidole. Akaufunika mdomo wa bomba kwa mfuko wa nailoni ili ncha yake isiukate mpira mpya, akaisukuma sili taratibu mpaka ikakaa. Akabadilisha na ya upande wa pili, akapima oili ili shokapu zote ziwe sawa. Pedi zilizolowa akazitupa, akaniambia ninunue mpya.

Nikiwa nimekaa kwenye benchi lake, nilimkumbuka kaka yangu.

Miaka kadhaa iliyopita niliuza miti ya mbao katika shamba la marehemu baba. Nilipata shilingi laki nane. Kaka nilimwambia ni laki tano, tukagawana hizo. Akasikia tetesi, tukagombana. Wazee wa kanisa wakatukalisha, tukapeana mikono, tukaombewa. Baada ya miezi michache tukagombana tena, safari hii kwa sababu ya mpaka wa shamba. Tukapatanishwa tena. Kila mara nilimlaumu yeye kwamba hajui kusamehe. Kumbe kila upatanisho ulikuwa sili mpya, na kutu ilikuwa kwangu. Ile laki tatu sikuwahi kuitaja.

Mpendwa, tunapenda sana kufuta. Tunavaa vizuri, tunaimba kwaya, tunasema "yameisha" na hakuna kilichoisha. Zakayo, katika Injili ya Luka sura ya 19, hakuishia kufurahi kwamba Yesu ameingia nyumbani mwake. Alisimama akazungumzia mali: nusu kwa maskini, na kila aliyemdhulumu angemrudishia mara nne. Alijua kutu yake iko wapi, akaitaja mbele ya watu.

Jioni ile nilikwenda kwa kaka. Nilimkuta anachambua maharage. Nikamwambia, "Kaka, ile miti niliuza laki nane." Nikamwekea mezani sehemu yake niliyomficha, shilingi laki moja na nusu. Hakunikumbatia. Aliendelea kuchambua maharage kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nilijua. Nilikuwa nangoja uniambie." Akamwita mkewe alete chai.

Bado tunajifunza kuongea. Lakini tangu siku ile mpaka wa shamba haujatugombanisha tena.

Wewe unafuta nini kila Jumapili asubuhi? Kama ni mchanga tu, neno dogo lililokwama kati yako na mwenzako, lisafishe leo. Kama ni kutu, usiombe sili nyingine. Pitisha kidole, uitaje, ukubali kusuguliwa. Inauma, lakini usisubiri mteremko. Kuna mtoto amekaa nyuma yako, na yeye hajui kwamba breki zako zimelowa.