Fahamu: Chai ya mezani inavyokupunguzia damu

"Kunywa rozela, damu itaongezeka." Ushauri huu husikika kila kona, hasa kwa mama mjamzito aliyepimwa akakutwa na damu chini ya gramu 11 kwa desilita. Una ukweli kiasi gani?

Chakula kinasaidiaje?
Mwili hutengeneza damu kwa kutumia madini ya chuma. Chuma cha nyama na dagaa hufyonzwa kwa urahisi. Cha mchicha, matembele na maharage hufyonzwa kwa shida. Hapo ndipo ndimu inapofanya kazi, kwa kuwa vitamini C huusaidia mwili kukichukua chuma hicho. Kamulia ndimu kwenye mboga, au kula chungwa baada ya ugali na maharage. Chai na kahawa hukinasa chuma tumboni, kingi kikapita bure. Zinywe saa moja au mbili baada ya mlo.

Je, chakula pekee kinatosha?
Si mara zote. Malaria, minyoo na selimundu pia hupunguza damu, na magonjwa hayo hayaponi kwa mboga. Rangi nyekundu ya juisi ya rozela nayo haigeuki damu. Mjamzito asiache vidonge vya chuma na foliki asidi anavyopewa kliniki. Shirika la Afya Duniani hupendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku.

Ukihisi kizunguzungu, uchovu usioisha au moyo kwenda mbio, nenda ukapime kwanza, ndipo upange cha kupika.