Kemikali za Kuzuia Moto: Sumu Inayolala Katika Tope

Kuna sumu isiyoonekana kwa macho, na isiyomwangusha mtu siku hiyo hiyo. Hutoka katika vitu vya kawaida vya nyumbani: godoro la sponji, makochi, televisheni, kompyuta na nyaya za umeme.

Sponji na plastiki hushika moto upesi. Kwa hiyo tangu miaka ya 1970 viwanda vingi duniani vilichanganya humo kemikali za kuzuia moto, hasa zile zenye bromini. Kusudi lilikuwa jema, yaani kuokoa maisha ya watu. Lakini nyingi kati ya kemikali hizo hazikufungamana na plastiki yenyewe. Zilichanganywa tu, kama chumvi katika unga. Kadiri kitu kinavyochakaa, zinatoka kidogo kidogo pamoja na vumbi. Tena hazikubali kuoza. Jani la mwembe likianguka, baada ya miezi michache limekuwa udongo, lakini kemikali hizi hukaa miaka mingi.

Zinafikaje katika tope?

Kemikali hizi hazipendi maji; hushikamana na mafuta na chembe za udongo. Mvua ikinyesha jalalani, huchukua udongo huo hadi kwenye vijito, na vijito huupeleka mtoni. Mto wetu Ruvuma huanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, ukafuata mpaka wetu na Msumbiji hadi baharini. Maji yake yakikutana na maji ya chumvi, chembe za udongo hushikana, huwa nzito na kuzama. Mizizi ya mikoko nayo huzizuia zisiende mbali. Ndiyo sababu mdomoni mwa mto pana tope jingi, na tope hilo ni mazalia ya kaa, kamba na samaki. Kwa kulinda utajiri huo, mwaka 2000 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Lakini tope linalolea samaki ndilo linalotunza pia takataka zetu, tabaka juu ya tabaka.

Minyoo na kaa hula katika tope. Samaki wadogo hula minyoo, na samaki wakubwa hula wadogo. Kila hatua kemikali huzidi katika mafuta ya mnyama. Nchi kavu ni vivyo hivyo: kuku anayechakura jalalani huipitisha sumu katika yai.

Madhara yake

Kemikali hizi huvuruga kazi ya homoni za tezi ya shingo, na homoni hizo ndizo zinazosaidia ubongo wa mtoto kukua tangu tumboni. Huko Marekani, watafiti wameona kwamba watoto ambao mama zao walikuwa na kiasi kikubwa wakati wa ujauzito walipata alama za chini katika vipimo vya akili.

Jambo hili haliko ng'ambo tu. Mwaka 2012 yalipimwa maziwa ya akina mama 95 wa Arusha, na kemikali hizi zilikutwa. Hata hivyo, akina mama, msiache kunyonyesha! Faida za maziwa ya mama ni kubwa kuliko hatari hiyo. Mpe mtoto maziwa yako peke yake miezi 6, kisha endelea hadi miaka 2 au zaidi.

Tena matumaini yapo. Huko Sweden, kati ya mwaka 1972 na 1997 kiasi katika maziwa ya akina mama kilikuwa kikiongezeka maradufu kila baada ya miaka 5 hivi. Matumizi yalipopunguzwa, kikaanza kushuka. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, na mwaka 2009 na 2017 kemikali kadhaa za aina hii ziliwekwa katika orodha ya kuondolewa duniani. Lakini vifaa vya zamani bado vimo majumbani mwetu.

Tufanye nini?

1. Tusichome sponji, televisheni wala nyaya ili kupata shaba. Moshi wake huzaa sumu nyingine kali, na majivu huingia udongoni.

2. Tusitupe vifaa hivyo kwenye mikoko, mtoni wala korongoni. Tumpe fundi atakayetumia vipuri, au tuviweke pakavu na kumwuliza bwana afya wa halmashauri.

3. Godoro linalomeguka tulivishe kitambaa kizito. Vipande vyake tusivijaze katika mto wa mtoto.

4. Tufute vumbi kwa kitambaa kibichi, na tuwanawishe watoto mikono kabla ya kula.

5. Kuku wasichakure mahali palipochomwa takataka za plastiki.

6. Tuendelee kula samaki, maana ni chakula bora. Tubadilishe aina, na dagaa wasikose.

Tope la Ruvuma halisahau tunachokitupa leo. Wajukuu wetu watavua humo humo.