Fahamu: Kwa nini dizeli chafu huua injini ya lori

Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati nchini Tanzania, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za utambulisho, kwenye mafuta ili kuwanasa wachakachuaji. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchakachuaji. Yakichanganywa na dizeli, mafuta ya taa hupunguza ulainishaji na pampu huanza kusagika.

Lakini uchakachuaji si adui pekee. Maji ni hatari vilevile. Tangi likilala nusu tupu, unyevu wa hewa hugeuka matone. Kwa kuwa dizeli ni nyepesi kuliko maji, matone huzama chini, yakaleta kutu na vijidudu vinavyoziba chujio. Malori mengi ya kisasa hupuliza dizeli kwa presha inayoweza kupita bar 2,000, kupitia matundu membamba mno ya nozeli. Vumbi lisiloonekana kwa macho linatosha kuyaharibu.

Kwa hiyo malori mengi yana machujio mawili: la kwanza hutenga maji, la pili hunasa chembe za maikroni chache tu. Dereva, mwaga maji ya chujio la kwanza kabla ya safari, na ujaze tangi jioni.

Fundi naye asijaze chujio jipya kwa dizeli ya ndoo. Haijachujwa, na ikimiminwa kwenye tundu la katikati huenda moja kwa moja kwenye pampu. Atumie pampu ya mkono ya kutoa upepo.