Malkia alitolewa, mvulana wa miaka 13 akavuna faida

MFANYABIASHARA gani ataachia mzigo wake wa thamani kuliko yote uchukuliwe mchana kweupe? Oktoba 17, 1956, katika klabu ya chesi ya Marshall jijini New York, Bobby Fischer, mvulana wa miaka 13, alionekana kufanya hivyo mashindanoni.

Mpinzani wake, Donald Byrne, alikuwa na miaka 26 na jina kubwa Marekani. Byrne alicheza na kete nyeupe. Fischer, mwenye nyeusi, alichagua ulinzi wa Grünfeld, ambamo askofu hupangwa pembeni, mtindo uitwao fianketo, akiulenga ubao kwa mshazari. Mweusi humwachia mwenzake ashike katikati, kama muuzaji anayemwachia mshindani meza ya mbele sokoni, kisha huanza kupabomoa.

Hatua ya 11 Byrne akamsogeza tena askofu aliyekwisha kumsogeza, ilhali mfalme wake hajapelekwa mafichoni. Kosa dogo, lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Fischer alimtupa farasi ukingoni mwa ubao, mahali ambapo angeweza kuliwa. Byrne hakuthubutu kumgusa.

Hatua ya 17, malkia wa Fischer akitishiwa, kijana hakumwondoa. Alimrudisha askofu wake nyuma. Byrne angemla askofu huyo, mfalme wake angefungwa baada ya hatua chache tu. Basi akamla malkia, na hapo malipo yakaanza kudaiwa. Farasi na askofu wa Fischer walimkimbiza mfalme huku na huko kati ya vyumba viwili. Hesabu ilipofungwa, Fischer alikuwa amepata ngome moja, maaskofu wawili na askari mmoja. Ngome ya pili ya Byrne ilikuwa imekwama pembeni kama lori linalosubiri hati mpakani.

Hans Kmoch, akiandika katika jarida la Chess Review, aliuita mchezo wa karne. Sifa kubwa hiyo, ukikumbuka kwamba Fischer hakushinda mashindano hayo. Ubingwa wa dunia aliupata 1972, Reykjavik.

Byrne hakusalimu amri, alicheza hadi hatua ya 41. Mfalme wake alipofungwa, malkia wake alikuwa bado hai, upande wa pili wa ubao.